Kasoro Namba Arobaini na Moja

Leo tena ardhi haionekani.
Mvua ya Dundee imelowesha lami ya maegesho,
na lami iliyolowa ni kioo: kamera inatazama chini,
inaona mawingu, inaniuliza sakafu iko wapi.
Nasogeza kishikwambi kushoto, kulia, polepole,
kama mtu anayepepeta mchele wa wageni.
Vinukta vya manjano vinachipuka, vinafifia,
kisha vinashikana. Ardhi imekubali.

Nabonyeza,
na kitanda cha mfumi kinasimama kati ya magari mawili,
chuma, mikanda, vumbi la juti,
shibiri moja juu ya lami, kinaelea.
Nakishusha kwa namba, tarakimu baada ya tarakimu.
Kinatua. Miguu yake haina kivuli bado.
Kivuli ni kazi ya Alhamisi.

Hapa palikuwa na kiwanda, sasa ni fleti,
na makumbusho wamenilipa nusu
ili mwenye simu aelekeze ukutani
awaone waliofuma magunia ya dunia.
Sikuwaambia kwamba bibi yangu alipiga brashi mkonge kule Muheza,
akakohoa katani mpaka siku ya sanda.
Mkataba hauna kisanduku cha hayo.

Saa nane anafika Bi Morag Petrie,
miaka themanini na mitatu, kofia ya sufu.
Anakishika kishikwambi kama sinia ya chai ya moto.
"Kimya mno," anasema. Naongeza sauti.
"Bado." Naongeza hadi spika inakwaruza,
hadi mtu wa ghorofa ya pili anafungua dirisha.
"Sisi tulisemezana kwa midomo na vidole.
Masikio tuliyaacha getini."

Halafu ananyoosha mkono mbele ya kamera
kushika uzi usiokuwepo,
na mashine inaumeza.
Mpaka kifundo.

Naijua hiyo. Namba arobaini na moja:
programu haijui kilicho mbele na kilicho nyuma,
inachora chuma juu ya nyama.
"Samahani, wiki ijayo nitarekebisha..."

Hasogei. Anatazama pale mkono wake ulipokomea.
"Effie," anasema. "Ijumaa, kabla ya mshahara."
Matone yanagonga skrini,
kila moja likibonyeza kitu nisichokitaka.

Kwetu husema mkono mtupu haulambwi.
Wa Effie ulikuwa na uzi.
Ulilambwa.

Usiku, chumbani Hilltown, nafungua orodha.
Arobaini: kivuli. Arobaini na mbili: betri inachemka.
Katikati, kishale kinapepesa.
Naandika *imerekebishwa*. Nafuta.
Naandika *si kasoro*. Nafuta.
Kwenye kisanduku cha aliyeigundua naandika Effie,
na fomu inagoma, mstari mwekundu chini yake:
jina la ukoo linahitajika.