Spoki Thelathini na Sita

Maabela, nyuma ya gereji za Wapathani,
pale lori linapotapika chuma cha wiki nzima,
nachambua kama mtu anayechambua mchele:
rimu iliyopinda huku, uma uliopona kule,
gololi kwenye kopo la maziwa ya unga,
zikinguruma kama mvua ambayo hatujaiona tangu Machi.
Walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Huku hutupa jongoo, mti,
na tairi lililotumika upande mmoja tu.

Mundhir, mwanangu, anaona haya.
Mama, nitakununulia mpya.
Mpya ya nini? Mpya haina habari.

Miaka ishirini na minane nilikaa maabara
nikitazama damu za watu chini ya kioo,
sikumjua hata mmoja mwenye damu.
Kutu angalau hujieleza.
Hii ya rangi ya chai imekula chumvi ya Sib.
Hii ya magamba iliegeshwa chini ya kiyoyozi cha mtu,
tone,
tone,
miaka miwili.

Spoki nazihesabu kwa lugha ya mama,
thelathini kwanza, sita baadaye.
Kiarabu hutanguliza sita, na mimi nikianza na sita
gurudumu hucheza lelemama.

Fremu hii ya kijani, basi, ilitoka shimoni Barka.
Gurudumu la mbele ni la mtoto wa shule,
la nyuma lilibeba mitungi ya gesi, bado linatembea kifua mbele.
Tandiko nimelivika mkanda wa Prado iliyopinduka njia ya Nizwa
(sikuuliza).
Siku ya kuchomoa bomba la tandiko
karatasi ilidondoka, imeviringwa kama sigara,
imefungwa kwa kipande cha tyubu.
Herufi zake zote zilining'inia kwenye mstari
kama nguo zilizoanikwa.

Nikampelekea Shofiqul, fundi cherehani.
Alianza kusoma amesimama. Akaketi.
"Madeni," akasema.
Mchele. Dawa ya macho. Kadi ya simu.
Riali kumi na moja za Harun.
Riali nne za Harun.
Riali mbili tena, za Harun.
"Alilipwa, huyo Harun?"
Shofiqul akakata uzi kwa meno.
"Hapa chini si deni," akasema. "Hapa ameandika: kengele."

Nilirudi nyumbani na neno hilo moja.
Nikanunua kengele Ruwi, baisa mia saba, ya plastiki,
ikalia kama kifaranga. Nikaing'oa.
Kabatini kulikuwa na dele la marehemu mama,
mdomo umevunjika, kifuniko kizima.
Nilikitoboa kwa keki, nikajikata kidole,
nikakifunga kwenye hendeli na kijinyundo cha nati.
Kikalia kikali, kwa kukatisha maneno.
Kama mwenyewe.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
yangu ikajitembeza hadi mlango wa msikiti,
rangi tatu, magurudumu yasiyolingana kimo,
watoto wakicheka.
Akaja mmoja, Delwar, anamwagilia maua ya raundabauti.
Akaipanda. Akashuka. Akainama kuipima mnyororo,
akaubana kwa vidole viwili kama anayepima homa.
Nikataka sita. Mfukoni alikuwa na nne.
Mbili zilizobaki nikaziandika, jina lake, tarehe,
nikaviringa karatasi yangu ndani ya ile ya zamani
na kuzisukuma zote mbili fremuni, nikabana nati.

Mundhir akasema, sasa utamdai vipi,
na hati iko kwake, chini ya makalio yake?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nanawa grisi.

Jana, baada ya Isha, nimelala dirisha wazi,
nimelisikia dele la mama barabara ya pembeni,
likipita malori yaliyoegeshwa,
mara mbili, kwa ukali,
likienda kasi.
Halikusimama kwetu.