Kabla Hujaondoka Nalo

Usiwashe kwanza, Kiera. Kaa. Zungusha macho.
Karatasi tumesaini, hela imeingia,
lakini kuna mambo ambayo kile kitabu cha kurasa mia sita
kinayasema yote na hakikuambii lolote.

Anza na huu waya unaoning'inia mbele kama ulimi.
Wageni wa joto hucheka: gari la dizeli na plagi ya umeme?
Kwenu La Ronge hamcheki.
Baridi ikishuka ishirini chini ya sifuri, lichomeke.
Saa tatu zinatosha; usiku kucha ni kumnenepesha mwenye umeme.
Na ukumbuke kuchomoa. Orest alisahau mara mbili,
akaondoka na soketi ya ghala ikimfuata barabarani,
inarukaruka kama mbwa mdogo.

Umeniuliza linavuta kiasi gani.
Kila anayekuja huuliza hilo kabla ya salamu.
Fungua mlango. Soma kibandiko hiki.
Si tangazo, si shemeji yako, si yule muuzaji mwenye meno meupe:
kibandiko.
Toa uzito wako, toa wa mbwa, toa wa sanduku la spana,
toa hata kahawa. Kinachobaki ndicho haki yako.
Na shehena ya trela iegemee mbele kidogo;
ikiegemea nyuma, mkia ndio utakaokuendesha wewe.

Kamera ya nyuma, dawa yake kidole gumba.
Tope la chumvi hulipofusha jicho hilo kila baada ya mwendo mfupi.
Teremka, ufute. Kitufe cha kufuta hakuna,
nimekitafuta.

Taa ya upepo wa tairi itawaka asubuhi moja ya Novemba.
Usibabaike. Hewa imejikunyata ndani ya mpira
kama sisi sote. Jaza, endelea.
Usukani ukikuvuta mkono kwenye changarawe
ujue gari limeona mstari usiokuwepo.
Zima hiyo. Msaada usioombwa naufahamu,
nimeishi na mama mkwe miaka kumi na moja.

Yale maji ya kusafishia moshi huganda
kabla hata hujavaa glavu. Dumu la akiba likae jikoni.
Na usilitumie kwenda dukani tu na kurudi:
kichujio kinataka safari, saa nzima ya barabara kuu,
injini ipate moto, masizi yaungue.
Likishinda nyumbani huziba.
Orest naye alikuwa hivyo.

Gia ya chini kabisa, ya kujinasua kwenye theluji:
simama kwanza. Ukiiingiza ukiwa mwendoni
utasikia sauti ambayo bei yake siitaji.

Sasa hapa, mlangoni. Moja. Mbili.
Viti vya siku hizi vina kumbukumbu.
Mbili ni mimi; ifute, weka miguu yako.
Moja,
ukiibonyeza kiti kitarudi nyuma polepole, kitashuka,
vioo vitainama, usukani utasogea,
kila kitu kitampisha mtu wa futi sita na inchi tatu
ambaye haingii.
Nimekaa pale upande wa abiria nikatazama.
Mara ngapi, hilo usiulize.

Namna ya kufuta iko ukurasa wa mia mbili na kumi na nne.
Kubonyeza sekunde tatu tu. Kidole changu kilikataa.
Wewe hukumjua, chako kitakubali.
Ila subiri uvuke daraja la Prince Albert.

Haya. Bonyeza, liwake.
Hapana, mguu kwenye breki kwanza. Wote hukosea hapo.
Mafuta ni nusu tangi.
Funguo ya akiba betri yake imekufa,
nunua ile ya duara, ndogo,
kama kifungo cha shati.