Gari Haikushuka Bei

Miaka tisa imelala Machomane chini ya turubali,
Selika nyekundu, milango miwili,
tumbo lake shibiri moja kutoka ardhini.
Niliinunua kwa pesa za karafuu, mwaka ule mikarafuu ilipozaa
hata wachumaji wakakosekana.
Iliposhushwa Mkoani, chumvi imeganda kwenye vioo,
mchukuzi mmoja aliizunguka, akaniuliza:
"Na nusu yake iliyobaki inakuja na meli ipi?"

Leo naiuza.

Kila mnunuzi ana swali moja kabla ya bei:
kwani unaiuzia nini?
Nami nina majibu ya mchana.
Nasema mafuta yamepanda.
Nasema kipuri cha klachi hutoka Dubai, kikapita Dar, kikalala Unguja,
kikija kufika huku kimeshazeeka kuliko gari.
Nasema matuta: kutoka hapa hadi Mtambile
kila tuta nalipanda ubavu-ubavu, kama kaa,
na bado linanikwangua.
Yote kweli. Ila ukweli una baraza na una ua,
na wageni nawapokea barazani.

Uani kuna goti langu la kushoto.
Kutoka mle ndani sasa nataka mlango, ukuta na Bismillahi.
Uani kuna Mize, aliyekaa kiti cha nyuma
magoti yakimgusa kidevu, asinune,
mpaka walipozaliwa mapacha, akaniuliza kwa upole:
"Huyu wa pili nimtie wapi?"
Na kuna mama, Bi Time,
ninayemwingiza taratibu kama barua kwenye bahasha.
Akishatua husema, "Hii si gari, mwanangu. Hii mwanandani."

Dalali Faki alikuja, akagonga boneti, akasikiliza
kama mtu anayechagua nazi.
"Milioni kumi na moja."
Nikamwambia, ndiyo niliyonunulia.
"Ndiyo maana yake. Noa hushuka. Pikapu hushuka.
Karafuu hushuka nawe ungali juu ya mti.
Hizi hazishuki. Pemba nzima zipo tatu,
na moja wamefugia kuku."

Usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu.
Kilichotoka kumi na moja, kinachorudi kumi na moja.
(Shilingi nayo si ile, najua, usinikumbushe.)
Basi hiki nilichopungukiwa ni nini?
Niliingia mle nina nywele. Nina kiuno.
Nilikuwa nafika Konde kabla chai haijapoa Chake,
bila ya shughuli yoyote Konde,
nikageuza, nikarudi.
Gari haikushuka bei.
Aliyeshuka ni mie.

Akaja Salhiya wa Wawi, fundi wa umeme,
ana kucha zenye grisi na hana maneno.
Hakuniuliza kwa nini.
Tukaenda njia ya Vitongoji, yeye kwenye usukani,
mie upande ambao sikupata kuukalia.
Alizima redio ili aisikie injini.
Akaipeleka, wallahi, akaipeleka,
mpaka mbele tukaona majamvi ya karafuu yameanikwa pembeni mwa lami.
Akaachia mafuta, gia ya tatu, ya pili,
akapita polepole asiitimue hata punje,
na ile harufu ikaingia, ikakaa baina yetu.
Nikampunguzia laki tatu.
Faki hajanisamehe.

Sasa tuna Noa nyeupe. Mapacha wana viti vyao,
Mize ananyoosha miguu, goti limetulia,
na kila mwezi inashuka bei, nami sijali.
Jana nilimpeleka mama hospitali.
Alisimama mlangoni, akakitazama kile kipandio
kama anayetazamishwa minara.
Nilimshika kiuno, nikamnyanyua, akakaa, akahema.
"Hii ya kupandia ngazi," akasema.
Kisha, tumeshafika Gombani:
"Ile ndogo ilikuwa ikinipakata."