Sehemu Nyeupe

Mwalimu Kitsao hupiga mstari kwa fimbo ya pazia,
rula ya ubao iliibwa tangu muhula wa kwanza.
Chaki yalia. Nje, hapa Changamwe, matrela yamepanga foleni
na vumbi laingia dirishani bila hodi.

"Mlinganyo una jibu moja, kama kufuli na ufunguo wake.
Kutolingana ni mtaa mzima.
x ni kubwa kuliko tatu: karibu nne, karibu milioni,
karibu hata tatu nukta sifuri sifuri moja.
Tatu mwenyewe abaki kizingitini.
Mchoreeni duara tupu, achungulie."

Tulicheka. Kisha nikakosa swali la saba.
Hasi mbili x, ndogo kuliko sita:
nikagawanya kwa hasi mbili,
nikasahau kuugeuza mdomo wa alama.
Kalamu nyekundu ikanila.

Usiku nikamwonyesha mama.
Alikuwa akipepeta mabuyu kwenye ungo, hakuinua macho.
"Kwenye daftari la Awadhi mimi nadaiwa mia tatu,
mama Luvuno mia tisa. Ipi kubwa?"
Mia tisa, nikasema.
"Basi kambishie mlango umwambie yeye ndiye tajiri."

Alama ikajipindua kichwani
kama chapati kikaangoni.

Nikachukua karatasi ya miraba. Haya, mama, tukuchore.
Sukari ni x, kilo mia na sitini.
Ubuyu ni y, kilo mia mbili.
Sufuria haipokei zaidi ya kilo saba: mstari mzima,
saba yenyewe inaingia, pomoni.
Sukari isipungue kilo mbili,
wateja wa Magongo wakionja ukali hukunja nyuso:
mstari mzima tena, wima.
Pesa, elfu moja na mia mbili.
"Lakini usiimalize yote," akasema, "kesho kuna maji ya kununua."
Basi huo nikauchora kwa vidoti,
ukuta unaousogelea usiuguse.

Shuleni twafundishwa kutia kivuli tusichokitaka.
Nikatia. Penseli ikapita juu ya deni,
juu ya sufuria kubwa tusiyokuwa nayo,
juu ya hasi zote, maana hakuna anayepika
kilo hasi moja ya kitu chochote.
Mkono ukawa mweusi hadi kiganjani.

"Sisi tuko wapi sasa?"
Nikaweka kidole kwenye weupe uliosalia.
Akautazama kwa muda.
"Padogo," akasema,
"lakini mtu anageuka."

Aliponirudishia karatasi, kidole chake chenye rangi
kiliacha doa jekundu: sukari mbili, ubuyu nne.
Nikapiga hesabu kimyakimya.
Elfu moja, mia moja na ishirini.
Inaingia. Na themanini ya maji juu.

Kesho Mwalimu Kitsao atauliza,
Mbodze, hili doa ni la nini?