Juma Bila Mkia

Nilikabidhiwa chaki kwa sababu mwandiko wangu haulewi.
Kerubo ni karani, kompyuta ni yake, risiti ni zake,
lakini ubao wa langoni, bati lililopakwa rangi nyeusi,
ni wangu mimi Mutisya, mfagizi na mpiga kengele
(kengele yenyewe ni rimu ya lori, inaning'inia kwenye mukima).

Ubao una nafasi ya mistari minne tu.
Ijumaa niliandika:
dawa za minyoo, Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu, mje mmeshiba;
tangi la maji linafika, wenye nguvu waje na kamba;
sweta imeokotwa, ina kitufe kimoja cha dhahabu;
Siku ya Wazazi, Jumatano, saa tatu kamili.

Usiku wa Jumapili mvua iliteremka kutoka Ngong,
haikubisha hodi,
ikasoma matangazo yote kwa ulimi wake.
Minyoo ikaondoka bila dawa. Tangi likaondoka.
Asubuhi palibaki michirizi, na chini yake:
Siku ya Wazazi, Juma

Wenye haraka walimalizia wenyewe: tatu.
Mama Nduku alifika siku hiyohiyo na kuku wa kunadiwa,
kamfunga miguu kwa utepe wa zawadi,
akakuta Gredi ya Sita katikati ya robo na nusu,
akaketi nyuma, akasema hesabu imebadilika sana.
Muuza mitumba alisema mosi; huyo huenda tukamkosa.
Bibi yake Achola, anayesoma kwa miwani ya jirani,
alisema juma ni juma, wiki nzima,
na tangu jana anakuja na kigoda chake.

Lakini Marjani, fundi viatu wa stejini,
alisoma jina la mwanawe.

Leo alfajiri nilimkuta langoni,
koti limepigwa pasi, jasho kwenye paji.
"Amefanya nini?"
Nani?
"Juma wangu. Mmemwandika kwa herufi kubwa."

Nilitaka kucheka.
Ila mtu huyu alikuwa amefunga kibanda
kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe,
na vidole alivisugua gundi itoke mpaka vikachubuka.
Nikasema: Karibu. Tulikuwa tunakungoja.

Mwalimu Nafula hakuuliza lolote, alisogeza dawati.
Gredi ya Nne walikuwa kwenye mazoezi ya shairi lao,
Juma wa tatu kutoka kushoto,
sauti nyembamba kama sindano ya cherehani.
Alipomwona baba akapoteza ubeti.
Wenzake wakamngoja. Akaupata:

*Mzazi tunakwambia, shule hii ni ya kwako,*
*Paa likituvujia, lete nyundo na mfuko,*
*Sauti ukisikia, ujue ni mwana wako,*
*Kiti tumekupangia, kaa, hapa ndipo pako.*

Marjani hakupiga makofi.
Alikuwa anatazama chini,
miguu themanini na minne kwenye sakafu ya saruji,
anahesabu soli zilizoachama.

Wakati wa uji alikaa barazani na uzi wa nailoni,
watoto wamepanga foleni mguu mmoja peku,
na mimi, Mungu anisamehe,
kengele nikaichelewesha robo saa.

Mwalimu mkuu ameniambia nirekebishe ubao.
Nimeurekebisha: JUMATANO, yaani kesho, herufi nene,
hata mvua ikilamba itachoka.
Tangi limesukumwa hadi Alhamisi.
Kuku atanadiwa, kama Bibi yake Achola atakubali;
ameshampa jina, anamlisha makombo ya githeri.
Ng'ambo ya Ngong kunanguruma tena.
Nimefunika bati kwa gunia la unga, nikalifunga kwa kamba za viatu
ambazo sijui nani aliniachia mfukoni.

Sweta bado haijapata mwenyewe.