Rasimu ya Tatu

Saa kumi na moja jioni, Mtumba.
Wenzangu wameshapanda basi la watumishi,
vumbi limetua juu ya meza ya mapokezi,
nami nimebaki na sentensi moja isiyotaka kukaa:
"Kuanzia tarehe tajwa hapo juu, programu zote
za mitandao ya kijamii zinazomilikiwa na wageni..."
Kisha nini? Zifungwe? Zizuiwe? Zisitishwe?
Mkurugenzi kaniagiza nitafute neno lisilo na kelele.
Kaniagiza kwa ujumbe,
kwenye programu hiyohiyo,
akamalizia kwa kile kikatuni cha viganja vilivyounganishwa.

Huko Hombolo, dada yangu Perusi
anasimama katikati ya mizabibu, simu kaiegemeza kwenye ndoo,
anaonja punje, anafumba jicho moja kwa utamu,
na mtu wa Makambako, asiyewahi kulijua jua letu,
anatuma pesa ya kreti tatu.
Zamani dalali alikuja na bei yake mfukoni.
Siku hizi anapiga simu kwanza, anabisha hodi.
Hilo niliandika katika rasimu ya kwanza.
Likarudi na kalamu nyekundu: Hisia.

Katika ya pili nikamwandika Nyemo,
mtoto wa marehemu kaka, kidato cha tatu,
aliyeanguka kifafa kwenye gwaride la shule
na mtu akarekodi badala ya kumshika.
Watu laki tatu wakacheka kabla ya magharibi.
Tukajaza fomu mara nne.
Jibu likaja kwa Kiingereza, la adabu, lisilo na jina:
wamekagua, hawakuona kosa.
Mama Nyemo akaniuliza,
"Ofisi yao iko wapi, nipande basi?"
Nikawaza stendi ya Nanenane, mabasi yote yale,
vibao vyote vile kiooni,
na hakuna linalokwenda huko.
Nayo ikarudi: Tukio moja.

Haya. Mzabibu nao ni mgeni.
Babu alisema ulikuja na mapadri,
hakuna aliyeuomba pasi, leo tunauapia.
Lakini mkasi wa kupogolea tunaushika sisi,
kila msimu tunakata mpaka tawi litoe chozi.
Huu mwingine umetambaa hadi chumbani kwa watoto
na mkasi wake anao mtu
asiyejua kama Hombolo ni mji au ni ugonjwa.

Ila na mwenye panga namjua.
Nimekaa ofisi hii miaka kumi na mmoja:
neno "wageni" huingia kwenye waraka na viatu safi,
hutoka limekanyaga wenyeji.
Ile wiki mtandao ulipokatika, bila maelezo,
kreti saba za Perusi ziligeuka siki, nyuki wakafanya karamu,
nasi huku kijana wa kompyuta alipita meza hadi meza
akitufungulia njia ya uchochoroni,
kwa matumizi ya kiofisi.
Niliitumia. Niliangalia mpira.

Taa ya ukumbi imejizima.
Lazima upunge mkono ndipo ijue kuna mtu.
Napunga.
Nafuta sentensi yote, tarehe tajwa na hapo juu yake,
mahali pake naweka swali la Mama Nyemo
kama alivyolisema, na basi lake.
Chini yake, kwa herufi ndogo, maana mshahara naupokea:
Na ofisi yetu, yeye anaijua mlango?

Litakatwa. Sijui watalipa jina gani safari hii.

Simu inatetemeka mezani: Perusi yuko hewani,
watu arobaini na mmoja wanatazama, pamoja nami.
"Mbukwenyi," anatusalimu sote,
anasogea karibu mno, uso unajaa kioo,
anafuta vumbi kwa pindo la kanga
na kwa muda sioni kitu
ila kitambaa.