Hatua Mbili Chini

Ngoma ikivuma sana hupasuka, husema watu.
Yetu haikuvuma kiasi hicho.
Ilipasuka kwa deni la petroli,
kwenye maegesho ya magari nje ya Radom,
saa tisa usiku, theluji ikigeuka tope.
Leszek akahesabu noti juu ya boneti,
akazihesabu tena,
kisha akaniangalia mimi.

Miaka kumi na tisa.

Sasa tuko Łódź, ghorofa ya tatu
ya kiwanda kilichokuwa kikisokota pamba.
Mama yake Wiesław alifanya kazi humu, zamu za usiku,
na sakafuni yangalipo matundu
ya boliti zilizoshika mashine.
Bogna amepanga ngoma zake juu ya matundu hayo.
Yeye siku hizi anaendesha tramu; amekuja na sare,
kofia kaitundika kwenye mguu wa maikrofoni.
Mimi nang'oa meno. Vidole vyangu
vimezoea vinywa vya watu kuliko nyuzi za besi.
Jana malengelenge yalipotumbuka
nilijifunga plasta chooni, peke yangu,
nikaona aibu, nikaona raha.

Wiesław anavaa miwani kusoma
maneno aliyoyaandika mwenyewe.
Kwenye wimbo wa pili kuna mahali pa kupanda;
zamani alipaparamia kama paka na ukuta,
asitazame chini.
Safari hii alijaribu mara sita.
Mara ya saba akakohoa, akacheka, akanyamaza.
Hakuna aliyesema neno.
Bogna alizungusha kijiti kidoleni, kikamponyoka,
tukakisikiliza kikibingirika mpaka ukutani.

Basi tukaushusha wimbo hatua mbili.
Na huko chini palikuwa na chumba
ambacho miaka ile tulikipita mbio,
hata taa hatukuwasha.

Leszek hakujibu barua.
Simu aliipokea mkewe, kwa upole,
akasema yuko bustanini.
Ilikuwa Februari.

Alhamisi dereva wa basi la Lublin akatuletea sanduku.
Ndani yake amplifaya, ile ya kahawia,
na kovu la sigara pembeni ambalo lilikuwa langu.
Hakuna barua. Hakuna salamu.
Ila nyuma, kwa utepe mweusi,
alikuwa amebandika fyuzi ya akiba.

Nikakaa sakafuni.
Nikasema, bila kumtazama mtu:
zile noti zilizopungua nilichukua mimi.
Nilinunua viatu vya baridi.
Wiesław akavua miwani, akaifuta kwa shati,
akaivaa tena ikiwa na ukungu uleule.
Bogna alikuwa anakaza skrubu ya matoazi.
"Vilikutosha?" akauliza.
Vilinibana, nikasema. Vilinibana kila siku.
"Haya. Toka mwanzo," akasema, akahesabu nne.

Amplifaya ikiwashwa hunguruma
kabla ya mtu kugusa kitu,
mngurumo wa jokofu katika nyumba ya jirani.
Oskar, fundi wetu wa sauti, hakuwa amezaliwa
tulipotoa kanda ya kwanza.
Alituonyesha kwenye kioo: mstari mwembamba, wa kijani.
Naufuta sasa hivi, akasema, ni kubofya tu.
Tukamshika mkono sote watatu,
kama anayetaka kumwagia mgeni maji ya moto.

Kwa hiyo wimbo wa nne,
kabla besi haijaingia, zipo sekunde kumi na moja
ambazo utadhani spika yako imeharibika.
Haijaharibika. Usiongeze sauti, usipunguze.
Mtu yuko bustanini, mwezi wa Februari.

Nyimbo ni tisa. Mbili hazina maana.
Moja, nadhani, ni nzuri kuliko yote tuliyowahi kufanya,
na Bogna anasema siyo hiyo ninayoidhania.
Jaladani tumeandika majina manne,
lake la kwanza, bila kumwomba ruhusa.
Akitaka kutushtaki,
na aje.